Mshale Usiosimama: Kanuni Iliyotajwa Ikakataliwa

Katika kitabu cha 4 cha Fizikia, Aristotle (384–322 KK) aliuliza swali moja kuhusu ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa. Kitu kikisukumwa humo, kingesimama wapi? Kwa kuwa sehemu zote za ombwe ni sawa, hakuna sababu ya kusimama hapa badala ya pale. Basi kingetulia daima, au kingekwenda bila kikomo hadi kizuiwe na chenye nguvu zaidi. Msomaji wa leo atadhani anasoma kanuni ya kwanza ya Newton. La hasha. Aristotle aliitaja hali hiyo ili kuonyesha kwamba haiwezekani, na kutokana na hilo akahitimisha kuwa ombwe halipo.

Macho yalikuwa shahidi wake. Mkokoteni usipovutwa husimama. Kwake, kitu kinachokwenda kinyume cha maumbile yake lazima kiwe na kinachokisukuma kwa kukigusa. Mshale ndio uliomtaabisha: ukishaachana na upote, nini huuendesha? Alijibu kuwa ni hewa.

Jibu hilo lilipingwa Iskandaria katika karne ya 6 na Yohana Philoponus, ambaye Waarabu walimwita Yahya an-Nahwi, Yahya mwanasarufi. Neno hilo nahw ndilo asili ya nahau ya Kiswahili. Kama hewa ndiyo isukumayo, alihoji, upinde wa nini? Ingetosha kuipepea hewa nyuma ya mshale. Mpiga mshale, alisema, hutia nguvu ndani ya mshale wenyewe, na nguvu hiyo hupungua njiani.

Ibn Sina (980–1037) alisogea hatua moja zaidi katika Kitab ash-Shifa. Nguvu hiyo aliiita mayl, mwelekeo, akashikilia kwamba haififii yenyewe bali humalizwa na vizuizi vya nje. Kwa hiyo katika ombwe mshale usingesimama. Baada ya zaidi ya miaka 1,300 wazo lile lile lilikuwa limerudi, na hukumu ikawa ile ile: mwendo wa namna hiyo haujaonekana, basi ombwe halipo.

Husemwa mara nyingi kwamba Ibn Sina aligundua kanuni ya Newton kabla ya Newton. Kiu ya kauli hiyo inaeleweka, hasa kwa mzazi wa ughaibuni anayeona kitabu cha mwanawe kikiruka kutoka Ugiriki ya kale hadi Ulaya ya karne ya 17, kana kwamba katikati palikuwa na giza tupu. Hata hivyo, sifa isiyo sahihi humnyima mtu sifa aliyostahili. Mayl bado ilikuwa sababu iliyokaa ndani ya mshale ikiuendesha. Alichokiona Ibn Sina waziwazi ni kwamba kinachoumaliza mwendo hutoka nje, na hilo peke yake ni jambo kubwa.

Huko Paris, katika karne ya 14, Jean Buridan alifundisha nadharia iliyofanana na hiyo, akaipima nguvu hiyo kwa wingi wa maada na kasi yake. Galileo aliviringisha tufe kwenye mbao zilizoinama, na pale mikono iliposhindwa kuuondoa msuguano, akauondoa kwa fikra. Mwaka 1640, Pierre Gassendi aliagiza jiwe liangushwe kutoka kileleni mwa mlingoti wa merikebu iliyokuwa ikienda, karibu na Marseille. Liliangukia chini ya mlingoti, ingawa baada ya kuachiliwa hakuna aliyelisukuma mbele. Mwaka 1644 Descartes akaongeza kuwa njia ya mwendo usiozuiwa ni mstari mnyoofu.

Mwaka 1687 Newton alilikamilisha geuzo hilo. Kitu kilichotulia na kile kinachokwenda mstari mnyoofu kwa kasi isiyobadilika vikawa katika daraja moja: vyote viwili havihitaji kani ili vibaki vilivyo. Kani inahitajika pale tu hali hiyo inapobadilika. Hata hivyo, ukinzani huo wa maada dhidi ya mabadiliko Newton mwenyewe aliuita nguvu iliyomo ndani ya maada, akautaja kwa neno la Kilatini inertia, lenye maana ya uvivu. Wazo lilikuwa jipya. Msamiati wake ulikuwa ungali ule wa kale.