Pembetatu Katika Kenchi za Madaraja

Fundi mwashi anayetaka kona ya msingi ikae sawa hahitaji chombo cha gharama. Anapima meta 3 upande mmoja, meta 4 upande wa pili, kisha anasogeza kamba mpaka umbali kati ya alama hizo mbili utimie meta 5. Hapo kona ina nyuzi 90 kamili. Njia hii ya tatu-nne-tano inatumika saiti nyingi za Afrika Mashariki, na inafanya kazi kwa sababu moja: urefu wa pande tatu ukishawekwa, pembe zake haziwezi kubadilika. Pande hizo zinaunda pembetatu moja tu.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayobeba garimoshi juu ya mto.

Mtu akichukua fito nne na kuzipigilia msumari mmojammoja kwenye kila kona, anapata umbo linaloyumba. Likisukumwa kwa juu, mstatili unalala upande, ilhali hakuna ufito uliorefuka, uliofupika wala uliovunjika. Kilichobadilika ni pembe tu. Ufito wa tano ukipigwa mshazari, kutoka kona hadi kona inayoitazama, mchezo unaisha. Sasa kuna pembetatu mbili, na ili umbo lilale, ni lazima ule mshazari urefuke au ufupike, jambo ambalo mti na chuma hulipinga kwa nguvu zao zote. Ndiyo maana geti la mbao lisilo na ubao wa mshazari huishia kuburura ardhini. Mwanafizikia James Clerk Maxwell aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1864: kiunzi bapa kinahitaji fito zisizopungua mara mbili ya idadi ya viungo, kutoa tatu. Viungo vinne vinadai fito tano, kama lile umbo lenye mshazari.

Ziko njia nyingine za kuzuia pembenne isiyumbe. Mhandisi Mbelgiji Arthur Vierendeel alibuni, mwishoni mwa karne ya 19, madaraja ya mistatili mitupu yenye kona nene zilizoshikana kabisa. Yanasimama, lakini kona zake hupokea nguvu za kupinda, na kupinda hula chuma kingi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Boriti iliyolazwa juu ya kijito na kukanyagwa katikati hubanwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini, na sehemu iliyo baina ya pande hizo mbili haifanyi kazi kubwa. Boriti ikirefushwa, uzito wake wenyewe unaanza kuila. Mafundi wa paa walishaijua dawa yake zamani: kenchi. Kenchi ni boriti iliyoondolewa nyama isiyo na kazi, zikabaki fito zilizopangwa kwa pembetatu. Mzigo ukitua kwenye viungo, kila ufito huvutwa au hubanwa kwa urefu wake, na haupindwi sana. Tuseme tani 10 zimewekwa kwenye kilele cha pembetatu yenye pande sawa, iliyokalia kingo mbili. Kila mguu wa mshazari unabanwa kwa nguvu ya karibu tani 5.8, na ufito wa chini unavutwa kwa karibu tani 2.9. Pembetatu ikibonyezwa mpaka miguu yake iinuke kwa nyuzi 30 tu, mbano katika kila mguu unafika tani 10 na mvuto wa chini unakaribia 8.7. Kwa hiyo kenchi iliyolala sana ni ghali, japo macho huipenda.

Kuvutwa na kubanwa si balaa moja. Waya mwembamba unaweza kuning'iniza mzigo mkubwa, lakini waya huohuo ukisukumwa kutoka ncha mbili unabenuka mara moja. Leonhard Euler alionyesha katika karne ya 18 kwamba ufito mwembamba uliobanwa, urefu wake ukizidishwa mara mbili, hubenuka kwa robo ya nguvu iliyohitajika mwanzo. Historia ya kenchi za madaraja inaweza kusomwa kama safari ya kuutii ukweli huo. Andrea Palladio alichapisha michoro ya madaraja ya kenchi za mbao huko Italia mwaka 1570. Mmarekani William Howe alipata hataza mwaka 1840 kwa kenchi ambayo mishazari yake ya mbao ilibanwa na nondo zake za wima zilivutwa. Miaka minne baadaye Thomas na Caleb Pratt wakaigeuza: fito fupi za wima zibanwe, mishazari mirefu ivutwe. Kwa chuma, uamuzi wa kina Pratt ulikuwa bora zaidi, na kenchi yao ikaenea katika reli.

Daraja la Forth huko Uskoti, lililofunguliwa mwaka 1890, linaonyesha somo hili wazi kwa yeyote anayelitazama. Fito kubwa zinazobanwa ni mabomba manene, mengine yakiwa na kipenyo cha meta 3.7, ilhali zinazovutwa ni miundo myepesi ya wavuwavu. Mhandisi Benjamin Baker alilieleza daraja lake kwa watu badala ya michoro. Wanaume wawili waliketi vitini wamenyoosha mikono, kila mmoja ameshika fimbo zilizoegemea kiti chake. Kati yao, juu ya ubao ulioning'inia kutoka kwenye fimbo hizo, akakaa mhandisi kijana kutoka Japani, Kaichi Watanabe, na kwa nje rundo la matofali likasawazisha uzito wake. Mikono ilivutwa, fimbo zilibanwa, na kila mkono na fimbo yake na kiti vilifanya pembetatu. Katika daraja lenyewe nafasi mbili kubwa kati ya nguzo ni meta 521 kila moja.

Umbo peke yake haliokoi mtu. Tarehe 29 Agosti 1907, jioni watu wakikaribia kufunga kazi, daraja lililokuwa likijengwa juu ya Mto St. Lawrence karibu na Quebec, Kanada, liliporomoka na kuua wafanyakazi 75. Pembetatu zake zilipangwa vizuri. Lakini nafasi kuu ilikuwa imeongezwa kutoka meta 488 hadi 549 bila kukokotoa upya uzito wa chuma chenyewe, na fito za chini zilizobanwa zilifungwa pamoja kwa vipande dhaifu. Siku kadhaa kabla ya ajali fito hizo zilionekana zikibenuka, na bado kazi iliendelea. Hili ndilo linalouma zaidi katika kisa hicho: chuma kilitoa ishara, na amri ya kusimamisha kazi haikufika kwa wakati.

Viungo navyo vina deni lao. Mjini Minneapolis, Marekani, daraja la kenchi lililofunguliwa mwaka 1967 lilianguka tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13. Uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya mabati yanayounganisha fito yalikuwa na unene wa milimita 13 tu, karibu nusu ya uliohitajika. Fito hazikuwa na kosa, lakini bati lilipochanika hapakuwa na njia nyingine ya mzigo kupita.

Pembetatu inayofahamika zaidi katika barabara za Afrika Mashariki pengine ni ile ya daraja la Bailey, lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ya jamaa zake waliokuja baadaye. Paneli moja ina urefu wa meta 3 hivi na uzito wa karibu kilo 260, na wanaume sita wanaweza kuibeba. Ndani yake mishazari inakutana kwa umbo la almasi. Mafuriko yanapobeba daraja la kudumu, paneli hizo huletwa kwa lori, huungwa kwa pini ukingoni, kisha kiunzi chote husukumwa juu ya magurudumu bila nguzo yoyote majini. Mbele yake hutangulia pua nyepesi ya kenchi, isiyobeba mzigo wa magari. Pua ikigusa ng'ambo na kiunzi kikakaa mahali pake, pua hufunguliwa, sakafu hulazwa, na magari huanza kupita moja moja.