Kutoka wa- hadi ba-: Jina la Watu katika Dansi ya Batman, 12 Januari 1966

Jumatano tarehe 12 Januari 1966, saa moja na nusu jioni, shirika la televisheni la ABC nchini Marekani lilionyesha kwa mara ya kwanza mfululizo wa Batman. Shujaa mwenyewe hakuwa mgeni. Vitabu vya picha vilikuwa vimemchora tangu 1939. Kilichokuwa kipya ni namna ya kumwonyesha. Mtayarishaji William Dozier na mwandishi Lorenzo Semple walimpa uzito wa kupita kiasi: Adam West hutamka upuuzi kwa sauti ya hakimu, kamera huinama upande wahalifu wanapotokea, na ngumi zinapopigwa, tanakali za sauti huandikwa kwa rangi kioo kizima. Watoto waliamini, wazazi walicheka. Mtindo huo tungeweza kuuita mzaha uliokunja uso.

Hapa kwetu hakuna aliyeutazama usiku ule. Mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, na televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwezi Novemba mwaka huohuo. Hata hivyo, katika kipindi hicho cha kwanza kuna dakika chache zinazomhusu moja kwa moja msomi wa Kiswahili, na ndizo tunazokusudia kuzichunguza.

Batman anaingia katika ukumbi wa dansi kumfuatilia mhalifu mwenye kutega vitendawili, aliyeigizwa na Frank Gorshin. Robin anaachwa garini kwa kuwa umri wake haumruhusu kuingia. Batman anaagiza maji ya machungwa, nayo yametiwa dawa. Akili inapoanza kumtoka, anasimama kucheza, akipitisha vidole viwili mbele ya macho yake. Dansi hiyo imejulikana tangu siku hiyo kwa jina la Batusi.

Wamarekani walilielewa jina hilo bila taabu. Walikuwa na dansi iitwayo Watusi, nalo neno lao la popo ni *bat*. Mchezo wa maneno ukaishia hapo. Kwetu sisi, mchezo ndipo unapoanzia. Neno Watusi lina kiambishi cha ngeli ya watu, na kiambishi hicho ni cha Kiswahili. Wenyewe husema Abatutsi. Wajerumani waliingia Rwanda wakitokea pwani, von Götzen akiwa miongoni mwa wa kwanza mwaka 1894, pamoja na wapagazi na wakalimani waliosema Kiswahili. Ndipo aba- ikawa wa-, na sauti ts, ambayo Kiswahili hakikuwa nayo, ikalainishwa kuwa s. Jina likaingia katika vitabu vya Ulaya likiwa limevaa nguo za pwani.

Safari yake ya kuvuka bahari ilipitia sinema. Mwaka 1950 kampuni ya MGM ilitoa filamu ya King Solomon's Mines, ambayo sehemu yake ilipigwa Rwanda, wachezaji warefu wa kasri wakionekana ndani yake. Mwaka 1959 kampuni hiyohiyo ikatoa nyingine, iliyoitwa Watusi waziwazi, ikitumia tena mabaki ya picha za ile ya kwanza. Mwaka 1962 kikundi cha The Orlons kilirekodi wimbo wa The Wah-Watusi, uliofika nafasi ya pili katika orodha ya Billboard. Tazama jina la wimbo huo: kiambishi kimerudiwa mara mbili kama kiitikio. Kilichokuwa kikihesabu watu kimekuwa mlio wa kinywa. Tena katika Kiingereza cha Marekani Watusi ni umoja, yaani dansi moja, na hakuna anayeuliza Mtusi ni nani.

Swali hilo lilikuwa na jibu wakati uleule. Mwezi Novemba 1959, mwaka wa ile filamu ya pili, nyumba za Watutsi zilichomwa moto Rwanda, na maelfu wakaanza kukimbilia Burundi, Uganda, Tanganyika na Kongo. Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, wimbo ule ulikuwa ukichezwa katika redio za Marekani. Mwishoni mwa 1963 na mwanzoni mwa 1964 yalifuata mauaji makubwa, hasa katika mkoa wa Gikongoro. Miaka miwili baadaye Batman akacheza. Simlaumu Dozier wala Adam West. Sidhani kama walijua kwamba jina hilo lina wenyewe. Lakini kutojua huko ni sehemu ya historia ya neno hili, na wanaisimu hatuna ruhusa ya kuliruka.

Jambo la mwisho ni la hapa nyumbani. Kiswahili cha Katanga hakitumii wa- kwa watu. Kinasema bantu, batoto, bazungu. Matumizi hayo yaliandikwa hata katika historia ya mji aliyoikamilisha André Yav mwaka 1965, miezi michache kabla ya Batman, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Elisabethville. Basi wachekeshaji wa Marekani, kwa ajili ya popo tu, waliirudisha ba- mahali pake bila kukusudia. Ni mfanano wa bahati, wala si ukoo wa maneno. Mwanafunzi atakayeandika vinginevyo katika mtihani atapoteza alama.

Hata hivyo, nilipoandika Batusi ubaoni mwaka jana kama mfano wa mfanano huo, darasa halikucheka. Wazazi wa vijana wale wanaukumbuka mwezi Agosti 1998, vita vilipoanza upya na watu wakawindwa katika miji ya Kongo kwa jina hilo, kwa ba- yetu hii hii. Mmoja aliuliza kama neno hilo liko katika mtihani. Nikamwambia liko, na nikaongeza ubaoni ile t iliyodondoka njiani.