Moshi wa Wingu

Mwaka jana kikundi chetu kidogo cha kuhifadhi picha za zamani kilitakiwa na wafadhili kieleze kinatoa hewa ukaa kiasi gani. Kazi ikaniangukia mimi. Picha zetu ziko kwenye wingu, yaani seva za kampuni fulani ng'ambo. Nikafungua ukurasa wao wa vipimo. Sifuri! Nilifurahi, kisha nikashuku. Stima ya hapa Kenya nyingi ni ya mvuke wa Olkaria, maji na upepo, lakini picha zetu hazilali hapa. Ziko nchi inayochoma makaa ya mawe.

Nikarudi nyuma kusoma. Mwongozo wa GHG Protocol wa 2001 uligawa hewa chafu katika mafungu matatu: unayotoa mwenyewe, ya umeme unaonunua, na ya wengine wanaokuhudumia. Enzi seva zikiwa chumba cha nyuma cha ofisi, bili ya stima ilikuwa yako, fungu la pili. Tulipohamia kwenye wingu, moshi nao ukahamia fungu la tatu, ambalo mwongozo huo haukulazimisha mtu kuliripoti.

Mwaka 2007 The Green Grid wakaleta kipimo cha PUE: umeme wote wa jengo ugawanywe kwa ule unaofikia mitambo ya kompyuta. Ni kipimo kizuri, ila kinapima upotevu tu. Jengo laweza kusifiwa na bado likala makaa ya mawe.

Kisha 2015 ikaelekezwa umeme uhesabiwe kwa njia mbili: kwa gridi ya mahali seva zilipo, na kwa mikataba na vyeti vya nishati safi ambavyo kampuni imenunua. Kumbe sifuri yangu ilikuwa ya vyeti!

Wateja nao walichelewa kupewa zana za kujipimia: Microsoft 2020, Google 2021, Amazon 2022. Hata hapo, muuzaji ndiye mwenye mizani.

Basi nikapiga hesabu yangu: umeme wa seva, mara PUE, mara gramu za gridi ya kule. Si sifuri hata kidogo.

"Tuandike ipi, mwanangu?" mwenyekiti akaniuliza. "Wafadhili wanapenda sifuri."

"Zote mbili, mzee," nikamjibu. "Ila ya gridi itangulie."

Alinyamaza kidogo, akatia sahihi.