Kompyuta Haikuzaliwa na Kiingereza

Mtoto wa Makuyuni, wilayani Korogwe mkoani Tanga, husoma hesabu za shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyo kwa watoto wengi wa Tanzania tangu 1967. Siku akifundishwa kuandika programu hukuta “kama”, “rudia” na “chapisha” vimekwisha kuwa Kiingereza, na huambiwa ndiyo lugha ya kompyuta. Historia inakataa. Mashine za miaka ya 1940 hazikujua neno hata moja. Zililishwa tarakimu, na umeme ama ulipita ama haukupita. Maneno yaliletwa ili kumpunguzia mzigo binadamu. Lugha ya FORTRAN ya 1957, kazi ya John Backus na wenzake wa IBM, iliwawezesha wanasayansi kuandika kanuni zao karibu kama walivyoziandika kwenye karatasi. Katika miaka hiyohiyo Grace Hopper, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alitaka makarani nao waiagize mashine kwa maneno ya kawaida. Kama alivyosimulia baadaye, aliwaonyesha wakuu wake programu moja kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Wakashtuka: kompyuta ya Marekani itaelewaje Kifaransa? Ikabidi aahidi Kiingereza peke yake. Mashine ingezipokea zote tatu kwa urahisi uleule. Kilichozuia ni woga wa wakubwa, na mawazo ya Hopper ndiyo yaliyozaa sehemu kubwa ya COBOL, lugha ya hesabu za mabenki na serikali.

Wapo watakaosema maneno yenyewe ni machache mno kugombaniwa. Kweli, lugha ya C ilivyosanifishwa 1989 ina maneno maalumu 32 tu. Lakini anayeyasoma kwa lugha yake hupata maana bure, na asiyeijua hukariri sura za herufi kabla hajaanza kufikiri. Tena nyuma ya maneno hayo 32 kuna vitabu, maelezo na jumbe za makosa, na mwanafunzi hukwama hasa kwenye ujumbe wa kosa.

Kwetu jambo hili lilizidishwa uzito na historia nyingine. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifika Hazina mwaka 1965; mfumo wa hesabu ulipovurugika na fedha kupotea, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Hofu ya hasara ilikuwa na msingi, ila gharama yake ilikuwa kubwa. Miaka iliyofuata ndiyo ambayo lugha ya BASIC, iliyobuniwa 1964 katika Chuo cha Dartmouth kwa ajili ya wanafunzi wasio wa sayansi, iliingia majumbani Ulaya na Marekani ndani ya kompyuta ndogo. Kiswahili kilipokuja kupata nafasi, kwa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Sweden mwaka 2004, kilikaa kwenye menyu za kuandikia barua. Kuiamuru mashine kulibaki kwa Kiingereza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtoto atakayeandika programu kwa Kiswahili atatengwa na dunia. Scratch, lugha ya kuwafundishia watoto kuandika programu iliyotolewa 2007 na MIT, imelijibu. Vipande vyake vya amri huhifadhiwa kwa alama za ndani zisizotegemea lugha ya mtumiaji. Programu iliyoundwa kwa Kiswahili Korogwe ikifunguliwa Korea, amri zake husomeka kwa Kikorea. Na Tanga isiogope kwamba Kiswahili hakiwezi kazi ya ofisi: mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Kijerumani pale Tanga mjini iliandaa makarani kwa Kiswahili na kuchapa gazeti la Kiongozi kwa lugha hiyohiyo.

Walimu wa Makuyuni, msisubiri mtaala. Scratch hutolewa bure na ipo inayofanya kazi bila intaneti. Fungueni orodha ya lugha, Kiswahili kimo.