Todo.txt: orodha ya kazi isiyokufa na app

App ya kupangia kazi ikifungwa na wenyewe, orodha yako inaweza kuzama nayo. Todo.txt inakwepa balaa hilo: kazi zote zinakaa kwenye faili moja la maandishi matupu, linalofunguka kwenye simu au kompyuta yoyote.

Mfumo huu ulianzishwa mwaka 2006 na Gina Trapani, mhariri mwanzilishi wa tovuti ya Lifehacker ya Marekani. Kila mstari ni kazi moja:

(A) Lipa bili ya maji +nyumbani @simu

(A) ni ya haraka kuliko zote, + ni mradi, @ ni mahali au kifaa cha kufanyia.

Programu yake, todo.sh, haina vitufe, unaandika amri. "todo.sh add" inaongeza kazi, "todo.sh ls @simu" inaleta za simu tu. Umemaliza kazi namba 3? "todo.sh do 3" inaiwekea x na tarehe, kisha inaihamishia faili la done.txt. Kwenye Android inaendeshwa ndani ya Termux.

Kukumbushwa kwa mlio, sahau. Na ukihariri faili kwenye simu na kompyuta kwa mpigo, mabadiliko ya upande mmoja yanaweza kufutika.