Ukingo wa Msitu wa Fontainebleau, Machweo

Mchoro wa rangi za mafuta wa Mfaransa Théodore Rousseau (1812–1867), ulioagizwa na serikali mwaka 1848, baada ya maonyesho rasmi ya Paris, Salon, kumkataa kwa miaka mingi. Miti mikubwa imeinamiana ikafanya tao. Chini yake ng'ombe wanakunywa maji kidimbwini, na nyuma yao jua linazama. Matawi yaliyokingama mbele ya mwanga yamekolea giza, na ndipo ustadi wa mchoraji unapodhihirika zaidi. Rousseau alitangulia mtindo wa uchoraji uitwao uimpreshonisti. Monet, Renoir na Sisley, wachoraji wa mtindo huo, walikwenda kuchora katika msitu huohuo miaka ya 1860. Mchoro umehifadhiwa katika makumbusho ya Louvre, Paris. Mchoro mwenzake, unaoonyesha asubuhi, uko katika makumbusho ya Wallace Collection, London.