Mount Eden si bustani ya Edeni

KWA miaka mingi, kila niliposikia watangazaji wa raga wakitaja Eden Park, uwanja wa Auckland, New Zealand, ulioandaa fainali za Kombe la Dunia mwaka 1987 na 2011, nilidhani jina hilo limetoka katika Biblia. Nilipokwenda kumtembelea binti yangu anayeishi mtaa wa Mount Eden, si mbali na uwanja huo, nilimpongeza jirani yake, mama wa Kimaori wa rika langu, kwa kuishi kwenye Mlima wa Edeni.

Akacheka. "Eden ni jina la mtu, Profesa. Mlima una jina lake. Kesho twende nikuonyeshe."

Basi kesho yake tukapanda, kwa miguu, maana magari hayaruhusiwi kufika kileleni. Si mlima wa kututisha sisi tuliozoea Kirinyaga: una urefu wa mita 196 tu. Lakini ni volkano. Ulilipuka yapata miaka 28,000 iliyopita, na juu yake kuna kasoko lenye kina cha mita 50 hivi, lililoota nyasi. Wamaori huliita Te Ipu-a-Mataaho, yaani bakuli la Mataaho, mlinzi wa siri za ardhini. Hairuhusiwi kuingia humo.

Mlima wenyewe ni Maungawhau. "Maunga" ni mlima. "Whau", ambayo masikioni mwetu husikika kama "fau", ni mti wenye mbao nyepesi mno, uliotumiwa kutengenezea maboya ya nyavu. Mama yule akanionyesha mbavuni mwa mlima matuta yaliyochongwa kama ngazi, na mashimo yaliyohifadhi viazi vitamu. Watu waliishi hapa, wakalima, wakajenga ngome. Yote hayo yamo ndani ya jina.

Na huyo Eden je? George Eden, bwana wa cheo cha Lord Auckland, ndiye aliyempa nahodha William Hobson usukani wa manowari iitwayo Rattlesnake. Hobson alipokuwa gavana na kuanzisha mji mkuu mwaka 1840, alilipa fadhila: mji akauita Auckland, na mlima nao ukabeba Eden, jina la ukoo wa bwana yule yule. Wakati huo mwenyewe alikuwa India, akiitawala kwa niaba ya Waingereza. New Zealand hakuikanyaga hata siku moja. Kumbe mtu aweza kumiliki mlima kwa ulimi wa rafiki yake!

Mwaka huo huo chifu Apihai Te Kawau na watu wake wa Ngāti Whātua waliwapa Waingereza ekari 3,000, kipande chenye umbo la pembetatu ambacho ncha yake ilikuwa kilele cha Maungawhau. Malipo yalikuwa pauni 50 pamoja na mablanketi, nguo, tumbaku, sufuria na mashoka. Katika mnada wa Aprili 1841, ekari zisizofika 50 za ardhi hiyo ziliuzwa kwa zaidi ya pauni 20,000. Hebu msomaji apige hesabu mwenyewe.

Mtaa ukakua chini ya mlima: nyumba za mbao zenye baraza, kuta za mawe meusi ya volkano, na gereza lililojengwa kwa mawe hayo hayo. Toka 1906 hadi 1989 Mount Eden ulikuwa na baraza lake la mji. Vizazi vikazaliwa humo bila kujiuliza Eden ni nani.

Mwaka 2014 bunge la New Zealand lilipitisha sheria iliyorudisha umiliki wa vilima 14 vya Auckland, Maungawhau kikiwemo, kwa makabila na koo 13, ili vitunzwe kwa manufaa yao na ya umma wote. Jina na ardhi vilirudi pamoja. Hapo ndipo nilipojifikiria sisi.

Sisi tuliwahi kubadilisha majina mapema. Fort Hall ikarudi kuwa Murang'a, Thomson's Falls ikawa Nyahururu, na mwaka 1975 Ziwa Rudolf likawa Turkana. Lakini jijini Nairobi, jina lenyewe likiwa la Kimaasai lenye maana ya maji baridi, bado tuna Eastleigh na Hurlingham, majina ya kule Uingereza. Sisemi tung'oe vibao kesho asubuhi. Nasema jina la mahali ndilo hati miliki ya kwanza: linamtaja aliyekuwepo, alichokiona na alichokipanda. Anayelisahau ameshatia sahihi kabla ya kusomewa mkataba.

Jioni ile mjukuu wangu alinisahihisha matamshi ya Maungawhau mara tatu. Nilipofaulu, akaniuliza, "Na pale kwenu Hurlingham, Guka, pakiitwaje zamani?"

Miaka zaidi ya thelathini nimefundisha lugha chuoni, na nilibaki nikikoroga chai. Nilimwahidi kwamba nikirudi nitawauliza wazee, wa Kimaasai na wa Kikikuyu, kabla hawajaondoka na jibu.